Ukitengeneza Mashine ya Gemu Ndani ya Kasha la Zamani, Anza na Kitufe cha Kuwashia

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa kidato cha nne, yuko Sakina, Arusha. Nauweka hapa kama ulivyo kwa sababu najua anauliza kwa niaba ya wengi:

"Shikamoo kaka. Nimetengeneza mashine ya gemu ndani ya kasha la PolyStation kama ile yako. Siku ya kwanza imepiga kazi mpaka usiku, majirani wote wamecheza. Kesho yake nawasha, maandishi meupe yanapita halafu inaganda hapohapo. Nimebadilisha waya, nimebadilisha TV, wapi! Hela yote ya likizo imeishia hapa. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Nilimuuliza kitu kimoja tu: unaizimaje? Akanijibu kwamba anabonyeza swichi ya kasha, ile inayojifunga ukiibonyeza, ambayo ameiunganisha moja kwa moja kwenye waya wa umeme. Basi nikajua. Mafaili ya kwenye kadi yameharibika, na hata akiiandika kadi upya leo, yataharibika tena kabla mwezi haujaisha.

Mashine za namna hii zinaletwa kwangu hapa Moshi mara kwa mara, na ugonjwa ni huohuo. Kijana anatazama video, anakimbilia kujua zinaingia gemu ngapi, kasha apake rangi gani, stika abandike wapi. Kitufe cha kuwashia anakiacha mwisho kana kwamba ni pambo. Mimi nasema anza nacho. Kabla hujanunua hata skrubu, jua mashine yako itawakaje na itazimwaje.

Mashine za zamani hazikuwa na cha kupoteza. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, ndiyo mama wa mashine nyingi za kaseti tulizochezea huku, na RAM yake ilikuwa kilobaiti 2 tu. Gemu lilikuwa limechomwa ndani ya chipu ya kaseti, haliandikwi upya. Ukizima ghafla unapoteza pointi zako, basi. Raspberry Pi, ile bodi ndogo tunayoitia ndani ya kasha, ni kompyuta kamili. Mfumo wake wote unakaa kwenye memori kadi, na hata ukiwa hujagusa kitu, wenyewe unaandika kumbukumbu zake. Ukiukatia umeme katikati ya kuandika, faili linabaki nusu. Siku likiwa faili ambalo mfumo unalihitaji ili uamke, ndiyo hapo unapoona maandishi meupe yanapita halafu kimya.

Kasha langu la kwanza la PolyStation nililipata Soko la Memorial hapa Moshi, chini ya rundo la redio mbovu na pasi. Muuzaji aliniuzia kwa bei ya plastiki kwa sababu lilikuwa haliwaki. Wale wa rika langu mnalijua: kwa nje limefanana na PlayStation ya Sony ya mwaka 1994, rangi ya kijivu, kifuniko cha duara katikati. Ukifungua kifuniko ukitarajia sehemu ya kuweka CD, unakuta tundu la kaseti. Nilipofungua skrubu za chini nikakuta bodi nyembamba yenye tone jeusi gumu lililofunika chipu, na nafasi iliyobaki yote tupu. Raspberry Pi 3 ina urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56. Ilikaa humo ikabakiza nafasi ya nyingine.

Nilipolishika lile kasha nilirudi utotoni moja kwa moja. Kwetu Majengo baba mdogo ndiye aliyeleta mashine kama ile, na watoto wa mtaa mzima wakawa wanajaa sebuleni. Ukifa, unampisha mwenzio. Hakuna ubishi. Contra tulikuwa tunaicheza wawili wawili, na mkubwa ndiye anashika padi ya kwanza. Nilitaka mashine yangu ifanye vilevile: ibonyezwe kitufe chake chenyewe, ichezwe kwa padi zake zenyewe, ionekane kwenye TV ya chogo. Ukitia kompyuta ndani ya kasha ukaichomeka kibodi na mausi, hujatengeneza mashine ya gemu. Umeficha kompyuta.

Niliipeleka kwenye maonyesho fulani ya vijana wabunifu. Jaji mmoja alifika mezani kwangu, akaiangalia bila kuigusa, akasema: "Sasa hapa wewe umebuni nini? Bodi ya Waingereza, programu za watu, kasha la Kichina." Akaenda meza inayofuata. Hakubonyeza kitufe. Hakushika padi. Sijalisahau neno lile, na sioni sababu ya kulisahau. Mtu ambaye hajawahi kuvua swichi ya shilingi mia tano akaitengeneza iwe nyingine hawezi kujua ubunifu ulikuwa wapi. Leo mashine ileile iko kwenye saluni ya kiume Kijenge, Arusha, wateja wanacheza wakisubiri kunyolewa, na mwenye saluni ameagiza nyingine kwa ajili ya tawi lake. Nawaambia vijana: ukidharauliwa na mtu ambaye hajafungua kasha lako, endelea na kazi.

Sasa swichi. Ile ya kasha inajifunga ukibonyeza, na ukibonyeza tena inajifungua. Raspberry Pi inataka kitufe cha kugusa na kuachia. Wengi wanaing'oa wanaweka kitufe kipya cha rangi nyekundu, wanatoboa kasha, sura yote inaharibika. Usitoboe. Iangalie swichi ile kwa karibu upande wa juu: kuna kijiwaya kidogo cha chuma kilichopinda ncha zote mbili, chembamba kama sindano ya kushonea. Hicho ndicho kinachoishika swichi isirudi. Kitoe taratibu kwa koleo ndogo, ukiwa umefunika swichi kwa kidole ili springi isiruke. Basi, swichi ileile sasa inabonyezwa na kurudi yenyewe, na kwa nje hakuna aliyejua umefanya kitu.

Nyaya mbili za swichi zinaenda kwenye pini ya 5 na pini ya 6 za Raspberry Pi. Pini ya 5 ni GPIO 3 (GPIO ni pini za bodi za kuunganishia vitu vya nje), pini ya 6 ni hasi. Kisha kwenye faili la mipangilio lililo kwenye kadi, config.txt, unaongeza mstari mmoja: dtoverlay=gpio-shutdown. Ukibonyeza mashine ikiwa imewaka, inafunga kila kitu kwa utaratibu na kulala. Ukibonyeza ikiwa imelala, inaamka. Taa ya kasha nayo usiiache bure. Iunganishe pini ya 8 kupitia rezista ya omu 330, uandike enable_uart=1 kwenye faili lilelile, na itazimika yenyewe mfumo ukishamaliza kufunga. Taa ikizimika ndipo unaruhusiwa kuchomoa ukutani. Kabla ya hapo, hapana.

Na umeme ukikatika wenyewe? Hilo linatukuta wote. Nakala. Ukishamaliza kuipanga kadi yako vizuri, inakili yote kwenye kompyuta kabla hujaanza kucheza. Siku ikiharibika unairudisha ilivyokuwa, hulii. Yule kijana wa Sakina angekuwa na nakala asingehitaji kuniandikia.

Kupakua RetroPie, yaani mfumo wa kuchezea gemu za zamani kwenye Raspberry Pi, na kuiandika kwenye kadi sitaeleza, ni kazi ya kusubiri tu na maelekezo yamejaa mtandaoni. Nirudi kwenye umeme, maana huko ndiko watu wanakoangukia mara ya pili. Raspberry Pi 3 inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 2.5. Chaja ya simu iliyoandikwa ampea 2 yenye waya mwembamba mrefu itawasha, ndiyo, halafu katikati ya gemu utaona alama ya radi kwenye kona ya skrini. Ile alama inamaanisha volti imeshuka chini ya 4.63. Mashine inapunguza kasi kujilinda, sauti inakwaruza, na mtu anaanza kulaumu programu. Usilaumu programu. Nunua chaja nzuri, waya mfupi na mnene. Nimeshasema chaja nzuri? Nasema tena: chaja nzuri.

Joto nalo. Ikifika nyuzi 80 Raspberry Pi inajipunguza kasi, na Moshi mwezi wa pili mnaijua, ndani ya plastiki iliyofungwa hakuna hewa. Bandika kipande cha alumini juu ya prosesa na uiinue bodi kidogo isilale kwenye plastiki. Kama ni lazima kutoboa, toboa chini ambako hakuonekani.

Padi za zamani watu wanazitupa, na hilo linaniuma. Ndani ya padi ya kaseti kuna nyaya tano tu: wa umeme, wa hasi, na tatu za mawasiliano. Zinaweza kuunganishwa moja kwa moja kwenye pini za GPIO, na dereva zake, yaani programu za kuziendesha, zipo ndani ya RetroPie. Sharti ni moja: zipe volti 3.3. Ukizipa 5 kama zilivyozoea, volti hiyo inarudi kwenye pini za Raspberry Pi ambazo haziwezi kuihimili, na bodi inakufa. Raba za vitufe zikiwa zimechoka, zisafishe kwa spiriti, pamoja na ile sehemu nyeusi ya bodi zinakogusa. Nyingi zinafufuka.

Kwa TV ya chogo, Raspberry Pi 3 inatoa picha kwenye tundu lilelile la sauti, kwa waya wenye plagi ya mikato minne. Waya hizi zimefanana sokoni lakini hazijafungwa sawa ndani. Ukichomeka njano kwenye njano usione picha, jaribu nyekundu kwenye tundu la njano kabla hujamrudishia muuzaji. Andika pia sdtv_mode=2 kwenye config.txt ili itoe PAL, ule mfumo wa picha wa TV za huku, la sivyo TV nyingine zitaonyesha picha bila rangi.

Kuna jambo moja lililonisumbua sana, na sijaona mtu akiliandika kwa Kiswahili. Mashine ilipokuwa tayari, kila kitu sawa, kaka yangu akaja kucheza. Akasikiliza muziki wa Contra, akasema, "Hii siyo yetu. Inakimbia." Alikuwa na haki. Mashine nyingi za kuiga zilizotengenezwa kwa nchi za PAL zilikwenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japani na Marekani, kwa hiyo gemu na muziki vilienda polepole kidogo. Sisi tulikua na ile kasi. Ukitumia FCEUmm, ambayo ni emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, ingia kwenye machaguo yake, sehemu ya eneo, uchague Dendy, ambalo ni jina la mashine ya kuiga iliyovuma Urusi miaka ya 1990. Nilipochagua hiyo, kaka alinyamaza, akaruka mto wa kwanza bila kuangalia vidole vyake. Vidole vilikuwa vinakumbuka.

Gemu zenyewe msiniombe. Zina wenyewe, hata zikiwa za miaka arobaini. Wapo watengenezaji wanaotunga gemu mpya za mashine hizi na kuzigawa bure kwa ridhaa yao. Anzeni huko.

Kwa wanaotaka kuuza: pangeni bei ya kazi mbali na bei ya vifaa, na mteja aione kabla hujafungua kasha. Akisema "lakini kasha ni langu", mwambie kasha ni lake na saa zako ni zako. Vijana mnajiuza rahisi kwa sababu mnapenda mnachofanya, na wateja wanalijua hilo. Kupenda kazi kusikufanye uifanye bure. Ukishalipwa, usimkabidhi mashine mpaka aizime mwenyewe mbele yako kwa kitufe, angalau mara mbili, na umweleze kuhusu taa. Mwenye saluni wa Kijenge nilimfanyisha hivyo, na akawafundisha vinyozi wake wote.