Kuunga kebo ya chini ya ardhi kandokando ya ziwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya umeme huku Mwanza, tepu nyeusi haizuii maji. Inazuia umeme, basi. Hata ukiizungusha mara kumi, ikifukiwa kwenye udongo mbichi gundi yake hulegea na maji hupenya katikati ya mikunjo. Na udongo mbichi kwetu haukosekani: masika Luchelele au Igombe, mtaro wa futi mbili unaweza kujaa maji hata kebo hujaitandaza.

Halafu maji yakishaingia hayatulii pale kwenye kiungio. Kebo ya nyuzi nyingi huyavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Niliwahi kufungua kiungio cha pampu kwenye hoteli moja ya ufukweni. Tepu ilibanduka yenyewe vidoleni, shaba imeota ukijani. Nikakata shubiri moja nyuma, bado kijani. Nikakata nyingine, ndipo shaba ikang'aa. Kwa hiyo kebo iliyokunywa maji usiiunge palepale ilipoharibikia. Rudi nyuma mpaka uikute safi.

Ukiweza kukwepa kuunga, kwepa. Nunua kebo ndefu itoke boksi la breka hadi kwenye pampu bila kukatwa. Mwenye nyumba akilalamikia bei, mkumbushe gharama ya kuchimba upya kwenye mawe yetu haya. Au pandisha kiungio juu ya ardhi kwenye nguzo fupi, ndani ya boksi la nje, kebo ziingie kwa chini kupitia glandi (vikaza kebo vya kuziba tundu) zilizokazwa.

Ikibidi kiungio kikae chini, tumia kasha la kujazwa resini, ule uji wa kumimina unaoganda ukawa mgumu. Zima umeme, funga breka, pima uhakikishe waya umekufa. Unga kwa kola za kuminywa (vijibomba vya chuma vinavyobanwa kwa koleo), siyo kusokota kwa mkono, na uzipishanishe ili fezi na nyutro zisikae ubavu kwa ubavu. Kama kebo ina waya za chuma za kinga chini ya ganda, nazo ziunganishe kutoka upande mmoja wa kiungio hadi wa pili, maana mara nyingi ndizo zinazobeba ethi (njia ya umeme kwenda ardhini).

Sasa kazi yenyewe ambayo wengi wanairuka: ganda la kebo. Likiwa laini na lina mafuta ya mikono, resini hailishiki, na maji yatapita kwenye mwanya huohuo mwembamba. Lipige msasa mzunguko mzima, lifute kwa spiriti, liache likauke, usiliguse tena. Mimina resini polepole kutoka upande mmoja ili hewa itokee upande wa pili. Wingu likitanda usiharakishe. Funika mtaro kwa turubai na uache resini igande kabisa kabla ya kufukia.

Ukitumia mpira wa kusinyaa kwa moto, chagua wenye gundi ndani. Anza kupasha katikati ukielekea pembeni, usimame gundi inapochungulia kotekote.

Chomoa mzigo (pampu au chochote kinachotumia umeme), kisha pima kwa mega, kile kipimo cha uzima wa ganda la waya, ya volti 500 kabla ya kufukia na baada ya kufukia. Megaohmu 1 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika, lakini kiungio kipya kikisoma karibu na hapo mimi nakifungua. Mwanzo wa laini weka breka ya umeme unaovuja, ya miliampea 30.

Fukia kwa mchanga laini kwanza, utandaze utepe wa tahadhari juu yake. Pima umbali wa kiungio kutoka kona mbili za nyumba, uandike ndani ya mlango wa boksi la breka kwa kalamu isiyofutika, ili fundi mwingine asichimbe uwanja mzima akikitafuta.