Kabla ya sindano, chukua sampuli

Katika kazi yangu na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, linaloniuma zaidi ni kukuta ndama amechomwa dawa mbili tatu na hakuna anayejua anaumwa nini. Jirani kasema ni ndigana, OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) ikanunuliwa mnadani, basi. Lakini ndigana ipi, kali au baridi?

Zote mbili huletwa na kupe na zote hupandisha homa. Ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huvimbisha matezi, hasa la chini ya sikio na la mbele ya bega, na mwishoni mnyama huhema kwa shida, povu likimtoka puani. Ndigana baridi humaliza damu: ufizi hupauka au huwa wa njano, kinyesi hukauka. OTC hutibu ya baridi. Ndigana kali ikishaonesha dalili inataka buparvakwoni, tena mapema. Ukikosea hapo, fedha imekwenda na ndama amekwenda.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayekwenda kufanya utafiti, au afisa mifugo uliye peke yako katani, anza na kipimajoto, kisha chukua sampuli. Safisha ncha ya sikio kwa spiriti, subiri ikauke, toboa mshipa mdogo, weka tone dogo la damu kwenye kioo cha hadubini na ulivute kwa ukingo wa kioo kingine mpaka liwe jembamba kama ulimi. Kwa tezi, libane kwa vidole, ingiza sindano, vuta majimaji kidogo, uyapake vivyo hivyo. Namba ya hereni iandike papo hapo kwenye kioo kwa penseli, kwa sababu methanoli ya maabara hufuta wino.

Tafadhali sana: mnyama aliyekufa ghafla na damu isiyoganda inamtoka puani au nyuma, usimpasue. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu.

Usiridhike na kioo kimoja. Ng'ombe aliyepona ndigana kali anaweza kubeba vimelea kwenye damu akiwa mzima kabisa, hivyo kuviona hakutoshi kusema ndivyo vinavyomuua leo. Linganisha na matezi, umri, na ng'ombe wageni walioingia zizini. Waulize vijana wanaochunga. Wao huona nani amebaki nyuma siku mbili kabla ya mwenye mali.

Kwenye kinga, kumbuka kwamba kupe wa ndigana kali hupenda ndani ya sikio, mahali ambapo dawa ya kuogesha haifiki vizuri. Pakaa kwa mkono. Chanjo ya ndigana kali iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ninaiunga mkono kwa moyo wote: ndama hupewa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu siku hiyohiyo, na kwa kawaida kinga hudumu maisha. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, kwa hiyo jikusanyeni maboma kadhaa mchanje siku moja. Ila haizuii ndigana baridi, hivyo josho liendelee.