Nimeacha sigara baada ya miaka 35, sasa nakohoa zaidi. Je, ninywe dawa ya kusafisha mapafu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 57, nimevuta sigara tangu nikiwa na miaka 22, pakiti moja kwa siku na siku nyingine zaidi. Leo ni wiki ya tatu tangu niache, niliacha siku moja tu bila kupunguza. Badala ya nafuu nakohoa kuliko zamani, asubuhi natoa makohozi ya kahawia, nina vidonda mdomoni na choo kimekuwa kigumu. Wenzangu wa kijiweni wanasema mwili uliozoea moshi miaka yote hiyo ukiukatia ghafla unakufa, na wanamtaja mwenzetu aliyeacha akafariki baada ya miezi minne. Wananishauri nirudie sigara tatu kwa siku kwanza, na ninunue unga wa kusafisha mapafu wa siku 21. Natumia pia aminofilini kwa ajili ya kifua. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usirudi kwenye hizo tatu, na unga huo usiununue. Ila kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami ndilo lililonishtua kuliko kikohozi: aminofilini.

Moshi wa tumbaku, kwa sababu ya lami iliyomo, hulifanya ini livunje dawa hiyo haraka kuliko kawaida. Dozi yako ilipangwa ukiwa mvutaji. Ukiacha, kasi ya ini hushuka ndani ya wiki moja hivi, na kidonge kilekile kinaacha dawa nyingi zaidi kwenye damu. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kichefuchefu na usingizi kupotea. Ikizidi sana huleta degedege. Watu wakiona hayo husema ni arosto ya sigara, kumbe ni dawa imepita kiasi. Nenda kwa aliyekuandikia wiki hii hii, umtajie tarehe uliyoacha. Mara nyingi dozi hupunguzwa kwa robo hadi theluthi, lakini aipunguze yeye, si wewe. Ukiona moyo unakwenda mbio au unatapika, usingoje miadi, nenda leo. Wanaotumia dawa za akili aina ya olanzapini na klozapini nao wana tatizo hilohilo. Kahawa pia: inavunjwa na ini kwa njia ileile, kwa hiyo vikombe ulivyovizoea sasa vinakaa mwilini karibu mara mbili ya zamani. Kunywa nusu.

Tuje kwenye kikohozi. Kuta za njia za hewa zina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kusukuma kamasi na vumbi kutoka chini kuja kooni. Moshi huvipoozesha, na ukiendelea miaka mingi huviua. Mtu akiacha, vinaota na kuanza kazi tena ndani ya wiki chache, navyo vinapandisha kilichokuwa kimelala huko chini. Wakati huohuo hisia za koo, zilizokuwa zimekufa ganzi kwa moshi, zinarudi, hivyo kitu kidogo tu kinakukohoza. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Vidonda vya mdomo na choo kigumu navyo vinajulikana sana kwa watu walioacha karibuni. Utumbo wako ulikuwa ukichochewa na nikotini kila asubuhi. Maji ya kutosha, mboga na papai vitasaidia choo. Kwa mdomo, sukutua na maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, mara tatu kwa siku.

Makohozi yatoe hivi. Kaa wima, vuta pumzi ya wastani, ishike sekunde mbili au tatu, kisha itoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama unavyopulizia miwani mvuke kabla ya kuifuta. Rudia mara mbili au tatu, ndipo ukohoe mara moja. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Usinywe dawa ya maji ya kukata kikohozi, hasa zile zenye kodeini, maana zinazuia kitu kinachotakiwa kutoka. Na usinunue antibiotiki kwa kubahatisha. Siprofloksasini na wenzake wanaweza kutuliza kifua kikuu kwa muda kikajificha, kikaja kugundulika kimeshakula pafu.

Hapo ndipo nisipotaka maelezo yangu ya vinyweleo yakulaze usingizi. Anayekohoa wiki mbili au zaidi hupimwa kifua kikuu, awe ameacha sigara au hajaacha, na mvutaji huugua TB kwa takribani mara mbili ya asiyevuta. Kipimo ni bure kwenye hospitali za serikali. Peleka makohozi ya asubuhi, kabla hujala, yatokayo kifuani na si mate ya mdomoni. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi tangu sampuli iingizwe. Omba na picha ya eksirei. Ukiona damu, ukipungua uzito bila sababu, ukitoka jasho jingi usiku, sauti ikikwaruza kwa wiki tatu au kifua kikiuma mahali palepale, nenda mapema zaidi.

Sasa wenzako wa kijiweni. Hofu ya kuacha ghafla wameiazima kutoka kwenye pombe. Mlevi wa kila siku wa miaka mingi akikatisha pombe bila uangalizi anaweza kweli kupata degedege, kuchanganyikiwa na kufa. Nikotini haina jambo hilo. Ukiikata unapata hasira, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, kukosa umakini na huzuni. Vinapanda kileleni siku za mwanzo, na kwa wengi vinakwisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Vinatesa, lakini haviui. Uingereza, mwaka 2016, utafiti wa watu karibu 700 uliwalinganisha waliopunguza kwa wiki mbili na waliokata siku moja, wote wakipewa nikotini mbadala. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya waliokata ghafla walikuwa bado hawavuti, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza. Kwa hiyo wewe ulifanya sawa. Hizo "tatu kwa siku" ni shauri baya kupita yote: mtu anayevuta tatu huzivuta hadi kwenye kichungi, moshi anaushika ndani, na kila moja inauamsha ubongo udai ya nne.

Na huyo aliyefariki baada ya miezi minne? Ulizeni aliacha kwa nini. Wengi wanaoacha sigara uzeeni bila kushauriwa na mtu huacha kwa sababu tayari kuna kitu: wanatema damu, wanaishiwa pumzi ngazi ya pili, au ladha ya sigara imewachukiza ghafla. Ugonjwa ulikuwapo, ndio uliomwachisha, kisha ukamuua. Kijiwe kinahesabu kuanzia siku ya kuacha, hakihesabu miaka iliyotangulia. Madaktari wa kiume wa Uingereza walifuatiliwa kuanzia 1951 kwa miaka 50: walioacha wakiwa na miaka 60 waliongeza takribani miaka 3 ya kuishi kuliko walioendelea kuvuta, walioacha wakiwa na 50 waliongeza 6, na walioacha wakiwa na 40 waliongeza 9. Umri wako uko hapo kati ya 50 na 60.

Tufike kwenye unga, na hapa uniwie radhi nikipandisha sauti, kwa sababu swali hili linarudi kila wiki likiwa na jina jipya la dawa.

Nikotini hupungua nusu kwa kila saa mbili hivi. Mabaki yake, yaitwayo kotinini, huisha ndani ya siku chache. Gesi ya kaboni monoksaidi huwa imetoka ndani ya siku moja au mbili. Ina maana kwamba wewe, wiki ya tatu, huna nikotini ya kusafishwa. Ini na figo zimeshamaliza kazi hiyo bure. Kilichobaki ni mazoea ya ubongo, na weusi wa mapafuni. Weusi huo ni chembe za kaboni zilizomezwa na seli za ulinzi, na nyingine hukaa humo maisha yote. Hata mama aliyepikia kuni miaka 30 anazo. Si weusi unaoua. Kinachoua ni vifuko vya hewa vilivyochanika na seli zilizoharibika vinasaba, na hakuna unga, mafuta wala chai inayoshona hayo. Kitu ukikimeza kinashuka tumboni. Mapafu yana bomba lake jingine. Ndiyo maana hata yale maziwa wanayokunywa mafundi rangi na wabeba saruji "kusafisha kifua" ni chakula kizuri tu, basi.

Siku 21 hazikuchaguliwa bure pia. Ni muda ambao arosto ya mtu wa kawaida inakuwa inaisha yenyewe. Muuzaji anakupa unga siku ya kwanza, mwili unafanya kazi yake, siku ya 21 unampigia kumshukuru yeye. Na ule "uchafu mweusi" unaotoka chooni ni kazi ya majani ya kuharisha pamoja na rangi ya unga wenyewe. Haujapita karibu na mapafu. Kuna na zile plasta za kubandika nyayoni usiku, asubuhi zinakuwa nyeusi zinanuka, mtu anapiga picha anarusha kwenye kundi la familia. Chukua moja mpya, ishike juu ya mvuke wa sufuria ya maji, halafu uniambie sufuria hiyo imevuta sigara miaka mingapi. Inageuka rangi kwa unyevu.

Faida ambayo mapafu yako yanapata kwa kuacha ni hii: asiyevuta hupoteza uwezo wa pumzi wa mililita 30 hivi kwa mwaka kwa sababu ya umri, na mvutaji ambaye moshi umemshika anaweza kupoteza mara mbili yake. Ukiacha, kasi inarudi karibu na ile ya kawaida. Ulichopoteza hakirudi chote. Hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka karibu nusu kwa mwaka mmoja, ya saratani ya mapafu hushuka nusu kwa miaka kama 10. Anayekuahidi mapafu ya mtoto anakuibia.

Vipo vitu vinavyosaidia, na vimepimwa. Plasta ya nikotini, kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku: miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Bandika kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta wala nywele, juu ya mkono au kifua, ibane kwa kiganja sekunde 10, na kesho ubadilishe mahali. Ndoto zikikusumbua, ivue ukienda kulala. Chingamu ya nikotini ya miligramu 4 ni ya yule anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu aamke. Wengine wachukue ya 2. Wengi wanaiharibu kwa kuitafuna kama bazoka: nikotini yote inamezwa, wanapata kwikwi na kichefuchefu, wanasema haifai. Tafuna polepole mpaka usikie inawasha, iweke kati ya shavu na ufizi, ngoja ladha iishe, tafuna tena, kwa dakika 30. Usinywe kahawa, soda wala juisi ndani ya dakika 15 kabla ya kutafuna, maana tindikali inazuia nikotini kuingia. Vidonge vya varenikilini na bupropioni viko tangu 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini ni vya kuandikiwa; bupropioni haipewi mtu mwenye kifafa. Wewe umeshavuka pagumu bila chochote. Kiu ikibaki kali, plasta inaweza kuanza hata sasa, mradi aliyekuandikia aminofilini ajue. Shisha, ugoro na kuberi si mbadala wa chochote.

La mwisho ni kwa familia zinazosoma hapa, kwa sababu kuna unga mwingine unaotangazwa kuliko hata huu: ule wa kumtilia baba kwenye chai au mchuzi "aache sigara na pombe bila kujua". Tiba ya namna hiyo haipo kwa sigara. Kwa pombe ipo dawa halali, disulfiramu, lakini hutolewa kwa mtu anayejua na aliyekubali, kwa sababu akinywa pombe juu yake uso unawaka, anatapika, moyo unakwenda mbio na presha inaweza kuanguka hadi akafa, hasa mwenye moyo mbovu. Unga usio na jina la kiambato unaweza kuwa na hiyo, au usiwe na kitu, na anayeutia kwenye kikombe hana namna ya kujua ni upi. Kama umeshamtilia mtu, acha leo na umwambie. Akianza kutapika au kuanguka, mkimbize hospitali na kipakiti chake, hata kama kimebaki kipande tu, umkabidhi daktari wa zamu.