Jiko lile si lake

Mdogo wangu, sauti yako ya dakika sita niliisikiliza nikiwa garini, na usiku nikairudia. Ulinitumia na ile video ya mwanamke wa Kibrazili wa hapa Massachusetts anayeonyesha jiko la marumaru, friji la milango miwili na bustani nyuma. Ukaniuliza: "Dada, hawa nao wametoka nchi ya shida kama sisi. Mbona wao wanajenga, nyinyi kila mwezi mnatuletea hadithi?" Kisha ukaingiza la mwanetu, kwamba amemaliza digrii ya uhasibu na anataka kuja, maana ughaibuni kila mtu huanza sawa, anayejituma ndiye apatae.

Nakujibu, na usininunie.

Nianze na jiko. Yule mwanamke simjui, huenda ni lake kweli. Lakini majiko kama lile nimeyapangusa miaka tisa, na najua saa ya kupiga picha: wenye nyumba wako kazini, sakafu haijakauka. Unaikumbuka picha yangu ya 2016, nimeegemea kaunta nyeupe, mama akaipeleka kuchapishwa na kuitundika sebuleni pale Majengo? Kaunta ile si yangu. Ndoo niliificha nyuma ya miguu. Haya, nimesema.

Sasa hao Wabrazili. Nilipopata bahati nasibu ya grinikadi mwaka 2014 nilifikia Lowell, kwa Wakenya wenzetu, lakini kazi niliipata Framingham, mji ambao ukipita katikati yake unasoma Kireno kwenye mikate, saluni na makanisa. Nilichukuliwa kwa sababu moja tu: nilikuwa na leseni ya kuendesha gari. Wakati ule asiye na karatasi hapa hakuweza kuipata. Sheria ilibadilika Julai 2023. Basi mimi nikawa dereva wa gari la wafagizi watatu wa Kibrazili, nami nikisafisha pamoja nao. Lugha nilianza kuiokota nikiwa kwenye usukani. Wakisema mesa nasikia meza, wakisema bandeira nasikia bendera. Wareno walituachia maneno yao kabla hatujazaliwa, yakaja kunifaa Framingham.

Mwenye kazi alikuwa mama wa Governador Valadares, mji wa jimbo la Minas Gerais wenye watu kama 257,000. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wamarekani walikwenda kule kutafuta maika, madini ya kutengenezea vyombo vya umeme, na watu wa mji wakaanza kujuana na dola. Kuanzia miaka ya themanini vijana wakamiminika Boston, hata Wabrazili wenzao wakaupachika mji jina la Valadólares. Mama huyu alipitia Mexico mapema 2005, kabla Mexico haijarudisha viza kwa Wabrazili mwezi wa Oktoba mwaka huo, akavuka jangwa kwa miguu, na deni la safari akalilipa miaka mitatu.

Kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa ndani. Alianza na miaka kumi na miwili, Belo Horizonte, akilala kwenye kile chumba ambacho magorofa ya wenye nafasi Brazili hujengwa nacho nyuma ya jiko, chumba cha mtumishi. Akipanda lifti ya huduma, si ile ya wenye nyumba. Alikuwa na sahani yake ya bati na kikombe chake, vimewekwa chini ya sinki, visichanganyike na vya watu. Haki ya saa nane za kazi kwa watumishi wa ndani iliingia katika katiba yao mwaka 2013. Yeye alikuwa keshaondoka.

Msaidizi wake mmoja alikuwa wakili wa São Paulo. Uchumi wa Brazili ulipoanguka 2015 na 2016, mumewe mhandisi alikosa kazi, wakaja kwa ndege, viza ya utalii, masanduku manne. Viza ikaisha, wakabaki. Kwa hiyo mbele ya sheria ya Marekani wakili na mtumishi walikuwa kitu kimoja: hawana karatasi. Ungeona hapo ule usawa wako.

Siku ya kwanza wakili alisimama mbele ya choo cha mwenye nyumba, brashi mkononi, hajui pa kuanzia. Kwake alikuwa na watumishi wawili. Mama wa Valadares akapiga magoti akamwonyesha: unaanza nyuma, pale bomba linapoingia ukutani, maana ndipo bibi mwenye nyumba atakapopitisha kidole. Halafu akamwita "doutora". Wabrazili humwita wakili hivyo, daktari, hata kama hakuwahi kugusa mgonjwa. Alimwambia "a senhora", kwa adabu yote, na kiti cha mbele garini akamwachia. Mtu anayemlipa yeye! Wakili naye akamjibu kwa jina la utani, kama anavyoitwa mtoto. Nilikuwa nikiwatazama kwenye kioo. Ilichukua karibu mwaka kwa mama yule kukaa kiti cha mbele, na siku aliyokaa hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika Wellesley.

Wakili alikuwa na msemo wake: "Mimi si kama Wabrazili wa hapa." Wa hapa, maana yake watu wa Valadares, watu wa shamba, watu wa makanisa ya kilokole. Usicheke. Hata sisi tuna wetu wa namna hiyo, waliosoma shule fulani Nairobi, wakikutana na Mkenya mwenzao anayesukuma mkokoteni wa taulo hotelini huangalia simu.

Wa tatu alitoka Salvador, Bahia, mweusi kama mimi na wewe. Huyo ndiye aliyenifundisha mengi. Mara moja mwenye nyumba alimsemesha wakili Kispania, akamwita Mlatino, na wakili akapandisha hasira. Kwao ni mzungu, na babu zake Waitalia! Kweli hata serikali hapa, katika hesabu zake, haiwaingizi Wabrazili kwenye kundi la Wahispania, kwa kuwa lugha yao ni Kireno, lakini nani mtaani anasoma maelezo ya sensa? Alilalamika njia nzima. Yule wa Bahia akanyamaza, akanyamaza, mwishowe akamwambia: "Wewe umeanza darasa hili leo. Mimi niko nalo tangu nizaliwe." Kwenye sensa ya Brazili ya 2022, waliojiita weupe walikuwa asilimia 43.5, wa rangi mchanganyiko 45.3, weusi 10.2. Kule kuna ngazi nyingi kati ya mweusi na mweupe, na mtu hujipandisha nusu ngazi akipata hela. Hapa ngazi ni chache, na anayekupanga ni mtu mwingine, kwa kukutazama tu. Wakili alishuka. Wa Bahia alibaki pale pale, ila alisema afadhali hapa, dukani anafuatwa na mlinzi kama Mwamerika mweusi yeyote, hafuatwi kama mtumishi.

Kuhusu kujenga, ni kweli wanajenga, na siri yao moja ni hii: nyumba za kusafisha ni mali. Ukiwa na wateja thelathini wanaokuamini, orodha ile unaweza kuiuza kwa mwenzako, na bei yake hupigwa kwa kuzidisha mapato ya mwezi. Wasaidizi hulipwa kwa siku, mwenye orodha hubaki na kilichozidi. Mama wa Valadares alikuwa na orodha mbili. Kwa hiyo naye alikuwa tajiri mbele ya wasaidizi wake, na sitakuficha, senti alizihesabu. Ukichelewa dakika kumi, zinakatwa. Mbrazili mgeni hapa mara nyingi bosi wake wa kwanza ni Mbrazili, na hapo ndipo anapochunwa.

Kwa miaka michache, basi, dunia ilikuwa imepinduka: mtumishi juu, wakili chini. Ingekufikia video yangu ya siku hizo, ungesema umeona.

Ikaja korona. Machi 2020 nyumba zote zikafunga milango. Serikali ikatuma hundi za dola 1,200. Mimi nilipata, wao hawakupata. Wakili alikuwa akipokea kodi ya nyumba ya mama yake São Paulo, ikamshikilia. Mama wa Valadares hakuwa na cha kumshikilia ila akiba, na akiba ilikwisha Agosti. Akauza orodha moja kwa bei ya kutupa.

Kisha wakili akamkumbuka baba wa babu yake, aliyezaliwa Veneto. Alilipa watu wa kutafuta cheti cha ubatizo, akasubiri, na 2021 akapata pasipoti ya Italia. (Mlango huo sasa umebanwa. Tangu Machi 2025 Italia haihesabu zaidi ya mzazi na babu au bibi.) Mwaka uliofuata alihamia Lisbon. Chama cha mawakili cha Ureno wakati ule bado kiliwaandikisha mawakili wa Brazili bila mtihani. Kiliacha Julai 2023. Akaandikishwa. Pasipoti ikampitishia uwanja wa ndege kwenye foleni ya Wazungu, wakati Wabrazili wengine wenye lugha ile ile wanapanga mstari wa vibali tangu alfajiri, na wengine kabisa, wale wenye fedha, walikuwa wakinunua nyumba ya euro 500,000 na kupata kibali pamoja na funguo, mpango ulioanza 2012 na njia yake ya nyumba ikafungwa 2023. Anasema hata yeye, wenye nyumba za kupanga wakisikia lafudhi yake kwenye simu, nyumba imeshachukuliwa. Hilo namwamini.

Majuzi alinitumia sauti. Ana ofisi, na ana mwanamke wa kumsafishia nyumba mara mbili kwa wiki, Mbrazili wa Goiás. Nilimsikilizisha mama wa Valadares. Alicheka mpaka akaketi. "Amemwonyesha nyuma ya bomba?"

Yeye yuko hapa hapa. Ile nyumba ya Valadares ipo, ghorofa tatu, vigae vya bluu, anaijua kwa picha. Hajawahi kulala ndani. Mama yake alizikwa 2018, mazishi aliyafuata kwenye simu, ameegemea mashine ya kufulia ya watu. Akitoka hapa hawezi kurudi, na tangu misako ya wasio na karatasi izidi 2025 hata sokoni hutuma mtu. Miaka ishirini ya kujituma, na mdogo wangu, kujituma kama kwake sijaona.

Kwa hiyo la mwanetu. Usiniulize kama atafaa kazi, najua atafaa. Niulize ana nini mkononi. Hana babu wa Veneto. Bahati nasibu ni bahati nasibu, acheze kila inapofunguliwa. Akipata chuo chenye ufadhili, aje leo, hata kwangu alale. Lakini akija kwa viza ya utalii akidhani digrii itamlinda, mwambie digrii ya wakili ilimlinda wakili alipokuwa na pasipoti nyingine, si kabla. Na asiuze kile kiwanja cha Kisauni kwa ajili ya nauli. Nipigieni Jumapili pamoja naye, nitamweleza mwenyewe, siku nyingine zote nina nyumba.

Jambo jingine. Yule msichana wa kazi uliyemleta kutoka Kaloleni, nilimwona kwenye video ya Idi amekaa kwenye kigoda cha mlangoni peke yake. Kile kikombe kilichovunjika sikio, ambacho mama alikuwa akimwekea msichana wetu wa zamani, bado mnacho?