Jitengenezee muhuri wa udongo kabla hujachoma chungu kingine

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Magomeni alivuka kwa pantoni hadi kwenye banda langu Kigamboni, kakumbatia kifurushi cha kanga. Ndani mlikuwa na chetezo kilichopasuka vipande vitatu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nimetia makaa mara moja tu, siku ya kumfukizia mwari nguo, kikapasuka mbele ya wageni. Aliyeniuzia anasema kimetoka kwako."

Nilivitazama vile vipande. Udongo wangu mimi huuchanganya na vigae vilivyopondwa, na pale palipovunjika sikuona hata chembe moja ya kigae. Hakikuwa changu. Lakini ningemwonyesha nini mtu mzima aliyetoka kwake na jua lile? Nilimpa kingine, akashukuru, akaondoka. Usiku huo sikulala vizuri. Kilichonichoma hakikuwa bei ya chetezo. Ni kwamba kazi yangu ilikuwa imekaa mjini bila jina, na mbovu ya mwingine ilikuwa imeazima jina langu.

Ndiyo maana kila mwanafunzi anayekuja kwangu naanza naye kwenye muhuri wa kupigia alama yake kwenye kila chombo. Wengine wanaona ni pambo la baadaye, la wakati biashara itakapokua. Mimi nasema uanze nao sasa, hata kama unatengeneza vyungu vitano kwa mwezi.

Kwanza niliagiza muhuri wa mpira, ule wa wino kama wa ofisini. Mistari yake haina kina cha kutosha, na kila nilipoubonyeza uling'ang'ania udongo na kuondoka na ngozi ya chombo. Nikajaribu mbao. Mbao inachongeka vizuri, lakini ikila maji inavimba, nayo pia inanata usipoipaka mafuta kila mara. Shangazi yangu, aliyenifundisha kazi hii, ndiye aliyeniuliza kwa nini nahangaika na vitu vya watu wakati nimekalia udongo. Alikuwa na haki. Udongo uliochomwa mara moja tu, bila kupakwa glezi (ule mpako unaogeuka kama kioo motoni), una vitundu vidogo vinavyonyonya maji. Ukiubandika kwenye udongo mbichi, unafyonza unyevu wa pale unapogusa, na muhuri unaachia wenyewe. Uchomaji ukiwa mkali kupita kiasi vitundu vile vinaziba, na sifa hiyo inapotea. Kwa hiyo muhuri usiuchome kupita vyombo vya kawaida, na uso wake usiupake kitu chochote.

Udongo wa kutengenezea muhuri uwe laini kuliko ule wa vyungu. Mimi naukoroga mpaka uwe uji, nauchuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kisha nauacha ukaze. Chembe moja ya mchanga ikikaa katikati ya mstari unaouchonga, kisu kitaruka na alama itaharibika. Wako wanaopenda udongo mweupe wa Pugu, maana ile kaolini ni nyororo sana, lakini ikiwa peke yake haishikani vizuri mkononi. Ichanganye na mfinyanzi mwekundu.

Finyanga kipande chenye umbo la kizibo cha chupa, chenye shingo nyembamba ya kushikia. Unene usizidi wa kidole gumba. Toboa tundu shingoni kwa kijiti cha mshikaki: utapitisha kamba baadaye, na pia hewa itaingia hadi ndani ili kikauke sawasawa. Kisha kiache. Usichonge udongo ukiwa bado tope, kingo zitajikunja. Wala usingoje ukauke kabisa, zitamung'unyuka. Wakati wake ni pale ukiubonyeza kwa kucha unapoacha alama lakini umbo halibadiliki. Kiangazi hapa Dar hali hiyo naipata kesho yake asubuhi. Masika, kati ya Machi na Mei, nimewahi kungoja siku tatu.

Sasa kuhusu alama yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Muhuri wangu wa kwanza ulikuwa na herufi za jina langu, S na N. Nilizichonga kwa saa nzima, nikauchoma, nikaupiga kwenye mtungi, na herufi zote mbili zikatoka zimegeuka. Muhuri ni kioo: kilicho kulia kwako kitatokea kushoto. Ukitaka herufi, ziandike kwenye karatasi nyembamba, igeuze karatasi, uifuatishe kwa nyuma. Au ipige picha uigeuze kwenye simu. Na kama jina lako lina A, H, I, M, O, T, U, V, W, X au Y, una bahati, maana herufi hizo ukizigeuza zinabaki vilevile, ilimradi zikipangwa kuwa neno ukumbuke kubadili mpangilio.

Baadaye niliachana na herufi kabisa. Alama yangu sasa ni duara lenye vitone vitatu, macho ya nazi. Kila mtu wa Pwani aliyekuna nazi anayajua bila kuelezwa. Haina juu wala chini ya kukosea, haina kona za kunasa udongo, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumweleza mama yake ameiona wapi. Tafuta kitu cha namna hiyo kwako. Wanaotaka kuweka jina, namba ya simu na ramani ya Tanzania kwenye eneo la ukubwa wa sarafu nawaomba wafikirie upya: ukipaka glezi, mistari myembamba yote itajaa na utabaki na doa.

Kumbuka kwamba udongo unasinyaa. Wangu unapungua karibu sehemu moja ya kumi kuanzia mbichi hadi kuchomwa. Muhuri unasinyaa mara ya kwanza unapochomwa wenyewe, na alama inasinyaa tena chombo kinapochomwa. Kwa hiyo nikitaka alama ya milimita 12 kwenye chetezo kilichokwisha, nachonga uso wa milimita 15. Usichukue hesabu yangu, pima udongo wako: kata kipande kirefu, chora mstari wa milimita 100, kichome, upime tena.

Kuchonga natumia spoku ya baiskeli niliyoinoa ncha, na kalamu iliyokwisha wino kwa vitone. Kina cha milimita mbili kinatosha. Mfereji uwe mpana juu na mwembamba chini. Ukiufanya uwe mpana ndani kuliko mdomoni, udongo utanasa humo na kukatika kila unapopiga chapa. Unapoendelea, bonyeza kijibonge cha udongo laini juu yake uone kinachotoka. Kumbuka tu kwamba unachokichimba ndicho kitakachoinuka kwenye chombo, na unachokiacha ndicho kitakachodidimia.

Ukaushaji usiuharakishe. Muhuri ni mdogo lakini ni mnene kuliko ukuta wa chungu, na maji yaliyofichwa katikati yakigeuka mvuke motoni yanaupasua. Ufunike kwa kitambaa siku mbili za mwanzo, kisha uache wazi kivulini wiki nzima, zaidi kama kuna mvua. Mimi nauchoma pamoja na vyombo vingine, nimeuweka ndani ya chungu ili kuni zisiuangukie. Kama huna joko, nimewahi kufaulu kwa jiko la mkaa: weka muhuri ndani ya chungu kikuukuu, uanze na moto hafifu kwa saa nzima, kisha zungushia makaa juu na pembeni mpaka muhuri wenyewe uwe mwekundu ukiutazama gizani. Hapo joto limefika nyuzi 600 au zaidi, na udongo uliofika huko haurudi tena kuwa tope hata ukiuloweka. Uache upoe humohumo mpaka kesho.

Kupiga chapa ni kazi ya sekunde tatu, lakini chombo kiwe kimekaza nusu, kama nilivyoeleza. Weka kidole ndani ya chombo, nyuma ya pale unapobonyeza, la sivyo ukuta utabonyea. Anza upande mmoja wa muhuri uuviringishe taratibu kwenda wa pili, usiugandamize wote kwa mkupuo. Ukinata, pakaza majivu laini yaliyochekechwa. Kwa vikombe vyenye ukuta mwembamba, nabandika kidonge cha udongo karibu na kitako kwa uji wa udongo, halafu napiga muhuri juu ya kidonge. Chini kabisa ya kitako sipapendi kwa vyungu vya kupikia, maana mafiga na masizi yatakula alama ndani ya miezi michache.

Sisemi kwamba chombo bila muhuri hakina mwenyewe. Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa anayevijua atavitambua kwa umbo na rangi tu. Na vigae vya kale vya pwani yetu, vile vyenye michoro ya pembetatu ambavyo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amevichunguza kwa miaka mingi, bado vinatambulikana baada ya zaidi ya miaka elfu moja kwa mikwaruzo ile ile. Lakini hizo ni alama za jamii nzima. Sokoni Kariakoo, pale vyetezo vya mafundi ishirini vimepangwa kwenye turubai moja, mnunuzi anahitaji kukujua wewe.

Ukishapata muhuri unaokupendeza, tengeneza wa pili na wa tatu wiki hiyohiyo, kwa udongo uleule, maana utaanguka siku moja na sakafu ya saruji haina huruma. Uoshe kwa mswaki mkuukuu mara tu unapomaliza kazi, kabla udongo haujakauka ndani ya mistari, uuache ukauke kabisa kabla ya kuutumia tena; ukiwa umelowa haunyonyi kitu. Wangu wa sasa unaning'inia kwa kamba ya katani kwenye msumari mlangoni, na ule wenye S na N zilizogeuka ninao bado, huwapa wanafunzi waushike siku yao ya kwanza.