Kuwa na Sifa si Kuchaguliwa: Namna ya Kupima Nafasi Yako Kabla ya Kuomba Chuo Kikuu

Matokeo yangu ya kidato cha sita yalinikuta Isevya, hapa Tabora mjini, nyumbani kwa mama mdogo, ambako simu ya kuangalizia matokeo ilikuwa moja na waliokuwa wakiisubiri ni watu sita. Nilikuwa nimesoma PCB, na nilipata Fizikia D, Kemia C na Biolojia C, yaani daraja la pili la pointi kumi. Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Usiku uleule nilifungua mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nikasoma kwamba anayeomba Udaktari wa Binadamu anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kwa jumla isiyopungua pointi 6. Nikajumlisha alama zangu kwa hesabu ya TCU nikapata 8. Nane ni zaidi ya sita, nikajiambia, na nikalala nikijua mimi ni daktari.

Niliomba vyuo vitatu, na kote niliomba udaktari, nikiongeza Famasia kama chaguo la pili kwa sababu fomu ilitaka chaguo la pili. Awamu ya kwanza sikuchaguliwa popote. Awamu ya pili nilikuta udaktari umekwishajaa karibu kila mahali, nikaomba palipobaki, nikakosa tena. Kufikia Novemba wenzangu walikuwa darasani, nami nilikuwa nikimsaidia mama mdogo kupima mchele sokoni. Nakumbuka hasa swali ambalo kila mteja aliyenifahamu aliniuliza: umepangiwa wapi? Sikuwa na jibu, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuelewa kosa langu lilikuwa wapi, kwa kuwa sifa nilikuwa nazo.

Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba zile pointi 6 ni kizingiti cha mlango tu. Zinamwambia mtu kwamba anaruhusiwa kupanga foleni, na hazisemi lolote kuhusu mahali atakaposimama kwenye foleni hiyo. Chuo huchukua waombaji wote waliovuka kizingiti, huwapanga kuanzia mwenye ufaulu wa juu kushuka chini, kisha huhesabu nafasi zilizopo. Nafasi zikiisha, foleni inakatwa. Kwa programu isiyo na waombaji wengi, kizingiti na mahali pa kukatia vinaweza kuwa kitu kimoja. Kwa udaktari, sheria na baadhi ya programu za uhandisi katika vyuo vinavyokimbiliwa na nchi nzima, mahali pa kukatia huwa juu sana ya kizingiti, na mwongozo hauwezi kukuonyesha mapema, kwa sababu panategemea ni nani wengine walioomba mwaka huo.

Kabla ya kuzungumzia foleni, lazima hesabu ya pointi iwe sahihi, na hapa ndipo ninapowaona vijana wengi na wazazi wao wakijichanganya, kwa sababu nchi yetu ina hesabu mbili za pointi zinazokwenda kinyume. Baraza la Mitihani linapopanga madaraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye bora, na daraja la kwanza linaanzia pointi 3 mpaka 9. TCU kwa upande wake inahesabu A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1, na hapo mwenye pointi nyingi ndiye bora. Nimewahi kumpokea mzazi aliyefurahi kwamba mwanawe ana pointi 12 wakati chuo kinataka 4, bila kujua kwamba zile 12 zilikuwa za daraja.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi la masomo yanayohesabiwa. Kwa programu nyingi kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, lakini si masomo mawili yoyote. Ni yale ambayo programu yenyewe imeyataja. Chukua wanafunzi wawili wa PCM wanaotaka uhandisi katika programu inayohesabu Fizikia na Hisabati ya Juu. Wa kwanza ana Kemia A, Fizikia D na Hisabati E. Daraja lake ni la pili la pointi kumi. Wa pili ana Kemia E, Fizikia C na Hisabati D. Daraja lake ni la pili la pointi kumi na mbili. Mtaani watasema wa kwanza amefaulu zaidi, na kwa cheti ni kweli. Lakini kwa ile programu wa kwanza ana 2 na 1, jumla 3, na hafiki hata kizingiti, wakati wa pili ana 3 na 2, jumla 5, na anapanga foleni. Ile A ya Kemia, kwa uzuri wake wote, haihesabiwi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu limewagharimu vijana wenye uwezo: daraja halikuambii nafasi yako, masomo ndiyo yanayokuambia, na unapaswa kupiga hesabu upya kwa kila programu unayoitaka.

Ukishapata pointi zako halali kwa programu husika, tafuta idadi ya nafasi. Mwongozo wa TCU huiandika katika safu yake kwa kila programu ya kila chuo, na ni safu ambayo mimi sikuitazama kabisa mwaka wa kwanza. Programu yenye jina moja inaweza kuwa na nafasi chache chuo kimoja na nafasi nyingi chuo kingine, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua kama jina lako litatoka au halitatoka.

Baada ya nafasi, watu. Baraza la Mitihani huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake: namba ya mtahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, daraja, na alama ya kila somo. Mwaka wangu wa pili wa kuomba, nilichukua daftari la hesabu za mchele la mama mdogo, nikaligeuza nyuma, nikaanza kupitia shule mojamoja nikitafuta wanafunzi wa PCB waliokuwa juu yangu. Nilianza na Tabora Boys, shule aliyosoma Mwalimu Nyerere na ambayo mpaka leo inapokea vijana wa vipaji maalumu. Kila niliyemkuta amenizidi nilichora kijiti, na kila vijiti vinne nikavikata kwa cha tano. Nikaenda Tabora Girls, kisha Ilboru, Kibaha, Kilakala, Msalato. Mistari ya daftari ilijaa vijiti, nikafungua ukurasa mwingine nao ukajaa. Kabla sijafika hata robo ya shule nilizokusudia, nilikuwa nimekwishapita idadi ya nafasi za chuo nilichokuwa nakitaka kuliko vyote. Niliweka kalamu chini. Sikulia, ingawa nilikuwa nimekwishalia sana kwa sababu ya jambo hilohilo; kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hakuna aliyenionea. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nyuma.

Hesabu hiyo si kamili, na ni vizuri kujua inapokosea. Si kila aliyekuzidi ataomba unachoomba wewe. Wengine wataenda famasia, wengine uhandisi, wengine nje ya nchi. Aidha, tangu mwaka 2017 waombaji wanaomba moja kwa moja vyuoni, na mtu mmoja mwenye ufaulu mkubwa anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu kwa wakati mmoja. Anatakiwa athibitishe kimoja tu, na akishathibitisha, nafasi mbili alizoziacha zinarudi mezani. Ndiyo maana orodha ya kwanza si neno la mwisho. Lakini usijenge matumaini yako yote juu ya nafasi hizo za kurudishwa, kwa sababu wanaozigombea awamu ya pili ni wale waliokukaribia kwa pointi, na wengi wao walikuwa mbele yako kwa nusu hatua.

Ushauri wangu kuhusu namna ya kupanga maombi unatokana na hapo. Weka programu moja au mbili za ndoto yako, hata kama hesabu inakuambia uko pembeni mwa mstari, kwa sababu foleni hubadilika na wewe hujui wengine wataelekea wapi. Lakini katikati ya orodha weka programu ambazo pointi zako zinazidi kizingiti kwa kiasi cha kueleweka na nafasi zake ni nyingi, na usikose kuweka angalau moja ambayo una hakika nayo na ambayo ungeisoma kwa moyo mkunjufu. Sharti hilo la mwisho lina uzito. Nimeona vijana wakiweka programu ya usalama wasiyoipenda hata kidogo, wakachaguliwa, wakaacha mwaka wa kwanza. Mimi mwaka wa pili niliweka Lishe ya Binadamu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, baada ya kusoma ukurasa wa programu hiyo mara nyingi na kugundua kwamba kilichonivuta kwenye udaktari ni watoto wenye utapiamlo niliowaona wodini pale Kitete, hospitali ya hapa Tabora. Udaktari niliomba tena, na sikuupata. Lishe nilichaguliwa awamu ya kwanza, na leo ndiyo kazi yangu.

Tangu nirudi Tabora, kila mwezi wa Julai watu hunijia. Mwaka jana alikuja baba mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, pamoja na binti yake. Nilimwamkia, akaitikia, akatoa mfukoni karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne, iliyochapwa stesheneri, ikinukia tumbaku. Binti alikuwa na Fizikia E, Kemia C na Biolojia B.

"Mwanangu," baba alisema, "sisi tunataka udaktari. Walimu wake wamesema sifa anazo."

Nilijumlisha: 1, 3 na 4. Nane, kama yangu. Sikumwambia hilo kwanza. Nilimpa binti kalamu, nikamwomba aandike programu nne anazozitaka, tukafungua mwongozo tukasoma mstari wa kila programu mpaka nukta ya mwisho, kwa sababu mara nyingi baada ya jumla ya pointi hufuata sharti la alama ya chini katika somo fulani. Sharti la namna hiyo kwenye Fizikia lilifuta programu mbili kati ya nne kabla hatujafika kwenye foleni. Baba alinyamaza muda mrefu, akiitazama ile karatasi. Kisha akauliza kama binti arudie mtihani wa Fizikia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Swali hilo huulizwa sana na halina jibu moja. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, kwa hiyo kurudia maana yake ni mwaka mzima, ada ya mtihani, mahali pa kufanyia mazoezi ya maabara, na mtu wa kukufundisha. Nilimwambia baba kwamba anayerudia ajiulize kitu kimoja: je, alama ile ilitokana na jambo ambalo sasa limeondoka, kama vile ugonjwa au kukosa mwalimu, au ndicho kiwango chake baada ya kujitahidi kadiri ya uwezo wake? Binti alijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba mwalimu wa Fizikia walikuwa naye na alisoma kwa bidii.

"Basi tuangalie mengine, baba," akasema.

Tuliangalia mengine mpaka magharibi. Aliandika upya orodha yake: programu moja ya udaktari ambayo sharti lake hakulivunja, mbili za uuguzi katika vyuo viwili tofauti, Lishe, na Sayansi ya Mazingira. Kwa kila moja aliandika pembeni pointi zake, kizingiti na idadi ya nafasi. Nilimsihi aombe yote awamu ya kwanza wala asibakize hata moja kwa ajili ya ya pili, kwa kuwa awamu ya pili hufunguliwa kwa programu zilizobakiwa na nafasi, na zile zinazokimbiliwa huwa zimekwisha. Nilimkumbusha pia kuomba mkopo Bodi ya Mikopo bila kusubiri apangiwe chuo, kwa sababu dirisha la Bodi lina tarehe zake na halimsubiri mtu.

Majina yalipotoka alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili, vyote kwa uuguzi. Udaktari hakuupata. Ujumbe wa TCU wenye namba ya siri ya kuthibitishia uliingia kwenye simu ya baba yake, ambaye wakati huo alikuwa shambani mahali pasipo mtandao, na binti alinipigia akiwa na hofu kwamba siku za kuthibitisha zitapita. Baba alipanda baiskeli mpaka senta, akamsomea ile namba kwa simu, tarakimu mojamoja, mara mbili.