Maswali yenu kuhusu riwaya zilizotokana na filamu

Mwanangu wa darasa la sita ameitazama filamu mara tatu, na sasa anataka kitabu chake. Si kupoteza fedha? (Mzazi, Tanga)

Mnunulie. Kwa kuwa kisa anakijua, neno gumu halimkatizi safari, maana anajua mhusika yuko wapi na anafanya nini. Mpwa wangu, aliyekuwa bado anafuata mistari kwa kidole, alimaliza riwaya nzima ya Kiingereza kwa njia hiyo. Alipofika mahali mwandishi anapoeleza yaliyomo moyoni mwa rubani, aliinua kichwa akasema, "Mjomba, kumbe alikuwa anaogopa!" Kwenye filamu alikuwa ameuona uso tu.

Kipi hutangulia, kitabu au filamu? (Wengi)

Swali hili naletewa kila mara na watu wenye kitabu mkononi, ilhali kurasa zake za mwanzo kwa kawaida husema kama kimetokana na skripti, yaani maandishi ambayo filamu hutengenezwa kwayo. Tarehe pekee zitawapotosha: riwaya ya King Kong ilitoka Desemba 1932, kabla ya filamu ya 1933, na ile ya Star Wars ilitoka mwishoni mwa 1976 ilhali filamu ilionyeshwa Mei 1977; zote mbili zilitokana na skripti. Hiyo ya pili ilibeba jina la George Lucas, mwongozaji wa filamu hiyo, ingawa aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Desturi hiyo ya kumficha mwandishi inamnyima mtoto jambo muhimu, nami siikubali.

Mwanafunzi ameeleza katika insha tukio ambalo halimo kwenye filamu. Nimemnyima alama kwa kubuni. (Mwalimu, Nakuru)

Mrudishie alama zake, Mwalimu. Mara nyingi mwandishi hufanyia kazi skripti kabla filamu haijahaririwa, hivyo yaliyokatwa baadaye hubaki kitabuni. Wakati mwingine husahihisha kwa makusudi. Katika Fantastic Voyage ya 1966, nyambizi iliyopunguzwa pamoja na watu wake huingia mwilini mwa mgonjwa. Filamu inaiacha humo ikiwa imeharibika, lakini Isaac Asimov, alipopewa kazi ya kuandika riwaya, aliona kwamba ingerudia ukubwa wake na kumuua mgonjwa, akahakikisha kitabuni mabaki yake yanatolewa. Wape wanafunzi wako tofauti kama hiyo waijadili, nao watajifunza jinsi kisa kinavyojengwa kuliko kwa kukariri majina ya wahusika.

Vinafaa kila umri? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Havifai vyote, dada yangu. William Kotzwinkle aliandika riwaya ya E.T., filamu ya kiumbe wa sayari nyingine anayefichwa na watoto, mwaka 1982, kisha akawaandikia watoto wadogo kitabu kingine chepesi. Katika riwaya ile ndefu, kiumbe yule anampenda mama wa watoto kimapenzi, jambo ambalo mzazi aliyeangalia jalada peke yake hatalitarajia. Soma kwanza wewe.

Muhtasari wa mtandaoni hautoshi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hautoshi, kwa sababu kisa ulishakijua tangu ulipoitazama filamu.

Mbona vya Kiswahili havionekani? (Msomaji, Zanzibar)

Madukani naona vya Kiingereza, na hili linaniumiza. Filamu za Kiswahili tunazo, skripti zake zipo, na watoto wanazijua kwa moyo. Wachapishaji wawaite waandishi wetu waziandike, na majina yao yawekwe kwenye jalada.

Binti yangu amekimaliza na hataki kingine. (Baba, Arusha)

Mtafutie kitabu kingine cha mwandishi yule yule.